Kampuni ilinilipia safari ya Arusha: nijaze nini kwenye fomu ya jarida?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja wilayani Temeke, na pia ninasoma shahada ya uzamili. Tumefanya utafiti wa kulinganisha mashine mbili ndogo za kupima sukari na mashine kubwa ya maabara, kwa wagonjwa wa kliniki ya kisukari. Mashine moja tuliinunua. Ya pili tulipewa bure na kampuni inayoiuza, pamoja na stripu zake. Mwaka jana kampuni hiyohiyo ilinilipia nauli, hoteli na posho ya siku tatu kwenda kwenye mkutano wa kisayansi Arusha. Halafu mume wa dada yangu ana duka la vifaa tiba Kariakoo na mashine hizo anaziuza. Sasa jarida limetutumia fomu ya kutamka mgongano wa maslahi. Msimamizi wangu anasema tujaze "hakuna", kwa sababu hakuna aliyetulipa tuandike chochote, na tukianza kujieleza tutakataliwa. Ofisa masoko wa kampuni naye anaomba alisome andiko kabla hatujalituma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usijaze "hakuna". Mashine na stripu za bure zitamke, safari ya Arusha itamke, duka la shemeji litamke kwa sentensi moja. Sijui jarida la maana litakalotupa utafiti kama wenu kwa sababu hiyo peke yake. Ningeweza kuishia hapo, ila anachokisema msimamizi wako nimekisikia katika korido nyingi pale Upanga, na huwa kinasemwa na watu waaminifu kabisa. Kwa hiyo kinastahili kujibiwa vizuri.

Anasema hamkulipwa muandike chochote. Sawa, lakini fomu haikuuliza hilo. Majarida mengi ya afya hutumia fomu ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, inayofahamika kama ICMJE, iliyoanza kutumika mwaka 2009 na kufanyiwa marekebisho baadaye. Ukiisoma taratibu utaona inakuuliza kuhusu mahusiano na shughuli zako. Haikuulizi kama umehongwa. Ina vipengele 13. Cha kwanza ni msaada wowote uliopata kwa ajili ya andiko hili lenyewe, tangu siku mlipoanza kulipanga: fedha, vifaa vya utafiti, mtu aliyewasaidia kuandika, hata ada ya uchapishaji. Hicho hakina ukomo wa muda. Vinavyofuata vinarudi nyuma miezi 36: ruzuku na mikataba, mrabaha, malipo ya ushauri elekezi, malipo ya kutoa mada, nauli na gharama za mikutano, hataza, ujumbe wa bodi, hisa, zawadi na vifaa, na cha mwisho kinabeba mengine yote ya kifedha na yasiyo ya kifedha.

Kwa hiyo mashine za bure ziko kwenye kipengele cha kwanza. Arusha iko kwenye nauli na mikutano, na kwa kuwa ni mwaka jana tu, miezi 36 haijaisha. Shemeji yuko kwenye kile cha mwisho. Fomu haitaki useme posho ilikuwa shilingi ngapi. Inataka jina la aliyetoa, na kama fedha zilikwenda kwako au kwa taasisi yako. Tena kila kipengele kina kisanduku chake cha "hakuna". Msimamizi wako anapokwambia jaza hakuna, anakwambia utoe kauli 13 tofauti kisha uthibitishe mwishoni kwamba umejibu kila swali. Kauli kumi zitakuwa kweli na tatu zitakuwa uongo.

Naelewa hofu inatoka wapi. Hapa kwetu maneno "mgongano wa maslahi" tumeyazoea kwenye habari za viongozi. Tunajua Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, tunajua fomu za rasilimali na madeni zinazorudishwa kila Desemba, na tunajua kwamba mtu akitajwa hapo basi kuna kitu. Tunakumbuka pia takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliyoingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000 na kufutwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, baada ya mjadala mrefu wa wapi ukarimu unakomea na wapi hongo inaanzia. Mtafiti aliyekulia katika mazingira hayo akiona fomu ya jarida anahisi anaandikishwa maelezo polisi.

Lakini maslahi ni hali, hayahitaji uwe umefanya jambo. Shemeji yako anauza mashine hizo leo. Ukichapisha kwamba ni nzuri, wateja wanaweza kuongezeka dukani kwake, uwe umelifikiria hilo au hujalifikiria, uwe macho au umelala. Huwezi kuifuta hali hiyo kwa kuwa mwadilifu. Unachoweza ni kumwambia msomaji ipo, kwa sababu yeye kule aliko, labda Mwanza, labda Kampala, hana namna ya kuijua.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye utafiti wenyewe, maana hapa ndipo wengi hawapaangalii. Watu hudhani maslahi yakiingia kwenye utafiti mtu anakaa usiku anabadilisha tarakimu. Wapo wanaofanya hivyo, ila ni wachache. Njia ya kawaida ni ya kimya zaidi.

Kiwango cha kimataifa cha mashine za sukari, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara pale sukari inapokuwa 5.55 mmol/L au zaidi, na isizidi tofauti ya 0.83 mmol/L inapokuwa chini ya hapo. Kinataka pia stripu za bechi tatu, yaani za mikupuo mitatu tofauti ya kiwandani. Nijibu kimoyomoyo. Stripu mlizopewa zilikuwa za bechi ngapi? Zilitoka moja kwa moja kwenye ghala la kampuni lenye kiyoyozi, au zilikuwa kama zile anazonunua mgonjwa wa Mbagala, zilizokaa dukani kwenye joto la Februari? Na za mashine ile mliyoinunua, zilitoka wapi?

Wagonjwa wenye upungufu wa damu mliwaingiza au mliwaacha nje? Unalijua hili kuliko mimi: hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikishuka, mashine nyingi za aina hii husoma sukari juu kuliko ilivyo. Ukiwaacha nje, mashine inapendeza kwenye jedwali. Lakini kliniki ya Temeke imejaa watu wenye upungufu wa damu, na mashine ikishanunuliwa itawapima hao hao. Halafu yale majibu mawili matatu yaliyopishana mno na ya maabara, mkayaita makosa ya upimaji mkayaondoa: mliyaondoa kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya kuanza, au baada ya kuyaona? Kwa mashine zote mbili au kwa moja?

Kila uamuzi kati ya hiyo una sababu ya kisayansi ambayo mtu anaweza kuitetea mbele ya jopo bila aibu. Hakuna aliyedanganya. Ila yote ikielemea upande mmoja kidogokidogo, mwisho wa siku hitimisho linahama. Na mtu anayemjua mtoaji wa vifaa kwa jina, aliyecheka naye mezani Arusha, anaona sababu za upande ule haraka zaidi. Siongelei wewe, naongelea binadamu. Mwaka 2016 jarida la tiba la Marekani, JAMA Internal Medicine, lilichapisha uchambuzi wa madaktari wapatao 280,000 wa Marekani: waliopewa na kampuni hata mlo mmoja tu, ambao kwa wastani haukufika dola 20, waliandika dawa ya kampuni hiyo zaidi kuliko wasiopewa. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba mlo ndio uliosababisha, watafiti wenyewe walisema hivyo. Lakini ni vigumu kuutazama kisha ukaendelea kusema "posho ya siku tatu haiwezi kunibadilisha".

Kwa upande wa utafiti wenyewe, Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti za namna hiyo na kutoa uchambuzi mwaka 2017. Tafiti za dawa na vifaa tiba zilizofadhiliwa na watengenezaji zilifikia hitimisho linalompendelea mfadhili mara 1.34 ukilinganisha na zile zilizofadhiliwa na wengine. Na ukizipima kwa vigezo vya kawaida vya ubora, haikuonekana kwamba ubora duni ndio ulioleta tofauti hiyo. Maana yake mhakiki anayesoma andiko lenu kwa makini hawezi kuigundua kwa kusoma tu. Anahitaji kuambiwa nani alitoa mashine, ili aulize lile swali la bechi.

Msimamizi wako anaweza kukwambia hayo ni ya wenye makampuni makubwa. Basi mweleze habari ya sukari, inawahusu ninyi wa kisukari. Mwaka 1967 New England Journal of Medicine lilichapisha mapitio ya sehemu mbili ya watafiti wa Harvard kuhusu chakula na maradhi ya moyo. Lawama nyingi zilikwenda kwa mafuta na lehemu. Sukari ikatoka karibu salama. Miaka 49 baadaye, nyaraka za zamani zilichambuliwa na kuchapishwa, ikaonekana kwamba Sugar Research Foundation, chombo cha wenye viwanda vya sukari Marekani, ndicho kilicholipia kazi ile, dola 6,500 za wakati huo, na kiliziona rasimu zake. Ndani ya makala hakuna neno hata moja kuhusu hilo.

Dunia ilipiga kelele, na kwa sababu. Lakini mwaka 2018 wanahistoria wawili, David Merritt Johns na Gerald Oppenheimer, waliandika katika jarida la Science kwamba hadithi imerahisishwa mno: zama zile wanasayansi wa lishe kuchukua fedha za viwanda lilikuwa jambo la kawaida, kutozitaja kulikuwa ni kawaida vilevile, na msimamo wa watafiti wale kuhusu mafuta ulikuwa na mizizi yake. Lile New England Journal lenyewe lilianza kuwataka waandishi wataje mahusiano ya kifedha mwaka 1984 tu. Mimi nadhani pande zote mbili, wanaolaumu na wanaotetea, zina sehemu ya ukweli, ila sina njia ya kujua, na wewe huna. Watafiti wale wamekufa. Laiti kungekuwa na mistari miwili chini ya makala ikisema nani alilipa na nani alisoma rasimu, wasomaji wa 1967 wangeipima hoja papo hapo, na pengine wangeikubali. Sasa kilichobaki ni barua za kumbukumbu zinazosomwa kama ushahidi wa njama. Tamko linamlinda msomaji, lakini linamlinda zaidi mwandishi asiye na hatia, na hilo ndilo ningependa msimamizi wako alisikie.

Na hao waliojaza "hakuna" katika zama hizi? Mwaka 2018 José Baselga, mganga mkuu wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering ya New York, bingwa wa utafiti wa saratani ya matiti, alijiuzulu baada ya New York Times na ProPublica kuonyesha kwamba katika makala zake kadhaa hakutaja malipo ya mamilioni ya dola kutoka makampuni. Habari hizo hazikuwa za data za kughushi. Zilikuwa za mistari iliyokosekana chini ya makala. Waandishi wa habari waliweza kulinganisha kwa sababu Marekani ina rejista ya wazi ya malipo ya makampuni kwa madaktari, inayosomwa na yeyote mwenye intaneti.

Usinijibu kwamba Temeke si New York. Mkutano wa Arusha ulikuwa na picha ya pamoja, na nyuma ya picha palikuwa na bango la mdhamini. Picha hiyo ipo kwenye makundi ya WhatsApp zaidi ya unavyodhani.

Hofu ya kukataliwa nayo ina chanzo cha kweli, isipokuwa watu wanaichanganya. Yako majarida yasiyopokea aina fulani za makala kutoka kwa watu wenye mahusiano na makampuni: BMJ, jarida la tiba la Uingereza, kwa mfano, liliacha kupokea tahariri na mapitio ya kitabibu ya waandishi wenye maslahi ya kifedha kwenye viwanda vinavyohusika na mada. Pia BMJ na PLoS Medicine hawachapishi utafiti uliolipiwa na wenye tumbaku. Tahariri ni maoni, na maoni ya mtu anayelipwa ni tangazo, nawaunga mkono. Utafiti wenye data ni jambo jingine. Tafiti nyingi za vifaa tiba duniani hutumia vifaa vilivyotolewa na watengenezaji, na mhariri anayeona andiko la kulinganisha mashine lisilosema mashine zilitoka wapi huanza kujiuliza. Nimekaa kwenye bodi ya jarida, na tamko lililokamilika halikuwahi kunifanya nirudishe andiko. Lililonifanya nirudishe ni ukimya mahali ambapo kila mtu anajua kuna fedha.

Kabla sijasahau, wahakiki na wahariri nao hutamka. Ukihisi mhakiki uliyepewa ana biashara ya mashine shindani, una haki ya kumwandikia mhariri.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo fomu hizi, kwa kuwa ziliandikwa na watu wa nje, hazilisisitizi vya kutosha. Sisi maslahi yetu makubwa si ya makampuni ya dawa, ni ya miradi. Mtu analipwa mshahara na mradi, gari la mradi, kompyuta ya mradi, kisha anaandika makala ya kutathmini mradi huohuo na kuhitimisha kwamba uendelezwe mikoa mingine. Kwenye tamko anajaza hakuna, kwa sababu mfadhili si kampuni, ni shirika la hisani. ICMJE imesema wazi kwamba taasisi zisizo za kibiashara zinahesabika, ilimradi zinaweza kuguswa na kilichoandikwa. Fedha zenye maslahi zinaweza kutoka popote: ile makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika The Lancet, iliyowatia wazazi hofu ya chanjo ya surua na kufutwa mwaka 2010, haikulipiwa na kiwanda cha dawa. Fedha ambazo hazikutajwa zilipitia kwa mwanasheria wa wazazi waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Kwa hiyo kama kati ya waandishi wenzako yupo anayelipwa na mradi wa kisukari ulio hapo kliniki, naye ajaze.

Sitaki ubaki na imani kwamba ukishatamka umetakasika. Mwaka 2005 Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore walichapisha jaribio ambalo huwa nawapa wanafunzi wangu. Mtu mmoja anakisia thamani ya sarafu zilizo kwenye chupa, mwingine aliyeziona kwa karibu anamshauri, ila mshauri analipwa zaidi kadiri mkisiaji anavyokisia juu. Washauri walipotakiwa kutamka maslahi yao, ushauri wao ulizidi kupanda. Ni kama walijiambia: nimeshamwambia, shauri yake. Nao wakisiaji walipunguza, lakini hawakupunguza vya kutosha. Na mwaka 2019 BMJ lilichapisha jaribio lililofanywa katika jarida halisi: wahakiki waliopewa matamko ya waandishi walitoa alama sawa na wasiopewa.

Ndiyo maana nimekuuliza habari ya bechi na hematokriti kabla ya kukuambia uandike nini. Kama stripu za bure zilikuwa za bechi moja, sema hivyo kwenye sehemu ya mbinu, na useme tena kwenye mapungufu. Kama wagonjwa wenye upungufu wa damu waliachwa, sema wangapi na kwa nini. Kama bado kuna nafasi, mpe mtu asiyejua mashine ipi ni ipi achambue data: badilisha majina ziwe A na B, mfiche hadi amalize. Inachukua mchana mmoja, na ina uzito kuliko tamko lolote.

Tamko lenyewe linaweza kuwa hivi, mtalihamishia kwenye lugha ya jarida:

"Kampuni (jina) ilitoa bure mashine na stripu za aina moja kati ya mbili zilizolinganishwa, aina ya pili ilinunuliwa na watafiti. Kampuni hiyo haikushiriki kupanga utafiti, kukusanya wala kuchambua data, kuandika andiko hili, wala kuamua lichapishwe. Mwandishi wa kwanza alilipiwa na kampuni hiyo nauli, malazi na posho ya kuhudhuria mkutano wa kisayansi Arusha mwaka (mwaka). Ndugu yake wa ndoa anamiliki biashara inayouza mashine hizo jijini Dar es Salaam. Waandishi wengine hawana cha kutamka."

Sentensi ya pili iandike kama tu ni kweli neno kwa neno. Ya mwisho iandike baada ya kila mwandishi kujaza fomu yake mwenyewe. Usimjazie mtu. Jina la shemeji halihitajiki, wala jina la duka. Majarida hayafanani kwenye suala la ndugu. Mengine yanawataja wa karibu waziwazi, mengine yanakuachia uamue. Mimi kwa familia zetu, ambako huenda shemeji ndiye aliyekulipia ada ya muhula wa kwanza, naona heri kumtaja. Usiende mbali zaidi ya hapo. Kalamu na kalenda zenye nembo, chai ya semina ya hospitali, binamu aliyewahi kuuza dawa Manzese, hayo yaache. Tamko lililojaa vitu vya kipuuzi linaficha la maana.

Angalia pia mlichowaandikia kamati ya maadili na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, mlipoomba kibali, na kilichomo kwenye fomu ya ridhaa waliyosaini wagonjwa. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka mshiriki aelezwe chanzo cha fedha na migongano ya maslahi inayoweza kuwepo. Kama mashine za bure zilikuja baada ya kibali na hamkuwajulisha, waandikieni sasa kabla ya kutuma andiko, barua ya ukurasa mmoja inatosha. Mhariri akilinganisha nyaraka hizo na tamko lenu, zinapaswa kusema kitu kimoja.

Kwa msimamizi wako, usiende na neno "maadili", atahisi unamfundisha. Nenda na fomu yenyewe imechapishwa, kipengele cha kwanza kimepigiwa mstari, na rasimu ya tamko mkononi. Mwambie, "Prof, naona hapa wameuliza vifaa vya utafiti, na vya kwetu tumepewa, nimejaribu kuandika hivi, naomba unirekebishie." Mtu mzima akipewa kitu cha kurekebisha hukirekebisha. Akikataa, jaza yako kwa ukweli na umwambie kwamba umejaza, ili isije ikamshtua. Kama mahusiano yasiyotamkwa yakigundulika baada ya kuchapishwa, wahariri wana utaratibu wao: watawaandikia waandishi, watataka maelezo, kisha marekebisho yatachapishwa na kufungamanishwa na makala moja kwa moja. Jina la mwisho kwenye orodha ya waandishi, ambalo wasomaji hulitazama kwanza wakimtafuta mkubwa wa kazi, ni lake.

Amebaki ofisa masoko. Kumwonyesha mtoaji wa vifaa andiko si dhambi. Mikataba mingi ya utafiti humpa siku kadhaa za kusoma, asahihishe maelezo ya kiufundi ya mashine yake au aseme kama kuna siri ya kibiashara imetajwa. Asichopewa ni haki ya kubadilisha matokeo, kuchelewesha bila ukomo, au kuidhinisha. Kwenu kuna tatizo la ziada: mashine ya pili mliinunua, na wenye mashine hiyo hata hawajui kama mnawaandika. Mmoja akisoma kabla na mwingine asisome, mizani imeshainama. Ningewapelekea wote wawili sehemu ya mbinu peke yake, bila matokeo, kwa barua pepe yenye tarehe ya mwisho ya kujibu, au nisimpelekee yeyote. Mkipeleka, ongezeni kwenye tamko kwamba walipewa sehemu ya mbinu waisome, na useme kama mlibadilisha chochote kwa maoni yao.

Ila kabla ya kumjibu, tafuta karatasi mliyosaini siku mlipopokea zile mashine. Mara nyingi watu husaini wakidhani ni hati ya kupokelea mzigo tu. Isome hadi chini kabisa. Ukikuta kifungu kinachosema matokeo hayachapishwi bila idhini ya kampuni, usitume andiko na usimjibu huyo ofisa kwa simu. Ipeleke kwanza kwa mwanasheria wa chuo.